Sema Leo, Kabla Mama Hajafika Nyumbani

Wanangu mnaoshika sindano kwenye kliniki za mama na mtoto, haya nimeyasema mara nyingi hadi nimechoka, na leo nayasema tena kwa sababu bado nasikia yanayotokea. Muuguzi anachoma chanjo, anageuka kujaza rejista, jicho linaangukia chupa, anaona siyo ile aliyodhani. Foleni imefika nje ya mlango. Mama ameshambeba mtoto mgongoni, anaaga. Muuguzi anaitikia salamu, ananyamaza, anaita anayefuata.

Sijaja kuwakaripia. Najua kituo chenye muuguzi mmoja anayepima uzito, anayejaza kadi, anayechanja na anayejibu simu ya wilayani kwa wakati mmoja. Hapo hata mtu makini atateleza. Ninachowaomba ni kimoja tu: kosa la chanjo lisilale usiku mmoja likiwa siri. Lisemeni siku hiyo hiyo, na ikiwezekana mama akiwa bado kwenye benchi.

Makosa mengi ya chanjo hayaui, na mengi yana dawa, ila dawa yake inataka mtu aseme mapema. Mtoto aliyerudiwa pentavalenti kimakosa kwa kawaida atapata homa na paja kuuma, kisha atapoa. Aliyechomwa kabla ya umri, dozi ile haihesabiwi na atarudiwa wakati wake ukifika. Lakini nani atajua kwamba anastahili kurudiwa, kama kadi inaonyesha kila kitu kipo sawa? BCG ya kichanga ni mililita 0.05, na inaingia ndani ya ngozi, juu juu kabisa, mpaka kitokee kipele kilichopauka chenye vitundu kama ganda la chungwa. Ikizama chini, jipu laweza kutokea wiki kadhaa baadaye, au tezi za kwapani zikavimba. Mama aliyeambiwa mapema atarudi kwako. Ambaye hakuambiwa atakwenda kutafuta mtu wa kulichana kwa wembe.

Linaloniuma zaidi ya yote ni chanjo iliyoganda. Mnajua nyuzi joto ni 2 mpaka 8, mnaziandika asubuhi na jioni. Lakini pentavalenti, nimonia, pepopunda na HPV zikiganda zimekufa, na ile alama ya VVM iliyo kwenye chupa haitawaambia kitu, kwa kuwa yenyewe inasoma joto peke yake. Mtoto aliyechomwa chanjo hiyo hana dalili yoyote. Anakwenda nyumbani na kadi iliyojaa na mwili usio na kinga. Mkiwa na shaka, msibahatishe. Chukueni chupa nyingine ya toleo hilo hilo, igandisheni kwa makusudi, iacheni iyeyuke. Zitikiseni zote mbili kwa pamoja, ziwekeni mezani, mkae mtazame. Ile mnayoitilia shaka ikituama upesi sawa na iliyogandishwa, au kuishinda, haifai. Nimeona vijana wakitikisa sekunde mbili na kusema "iko sawa". Kaeni. Tazameni mpaka mashapo yatulie, na chupa ziwe usawa wa macho yenu. Na mkigundua kwamba jana zilichomwa zilizoganda, fungueni rejista, watafuteni watoto wale mmoja mmoja mwachanje upya kwa maelekezo ya mratibu wa chanjo wa wilaya.

Sasa sikilizeni habari ya Samoa, kisiwani Savai'i, Julai 2018. Chanjo ya surua, matumbwitumbwi na rubela huja kama unga, na unga una maji yake ya kuyeyushia. Siku ile, badala ya maji hayo, ilichukuliwa dawa ya kulegeza misuli inayotumika kwenye upasuaji, nayo ilikuwa imepitwa na muda. Watoto wawili wa mwaka mmoja walifariki siku hiyo moja. Wauguzi wawili walikiri mahakamani na mwaka 2019 wakahukumiwa kifungo cha miaka 5. Serikali ilisimamisha chanjo ile kwa miezi kadhaa ikichunguza, na wazazi walioachwa na uvumi tupu wakaingiwa na hofu. Kiwango cha uchanjaji, ambacho kilikuwa kimeshaanza kulegea, kikashuka hadi kama asilimia 31. Surua ilipoingia mwishoni mwa 2019 iliwakuta watoto wazi. Walikufa watu 83, wengi wao watoto wa chini ya miaka 5, katika nchi yenye watu takriban laki mbili.

Chanjo yenyewe haikuwa na kasoro hata tone. Natamani kila mzazi angeelezwa hivyo mapema, kwa lugha yake, na mtu anayemwamini.

Na karibu zaidi na sisi, Sudan Kusini, eneo la Kapoeta, mwaka 2017. Kwenye kampeni ya surua bomba moja la kuchanganyia lilitumiwa kwa siku nne, chanjo ikakaa bila baridi, na waliochanja hawakuwa wamefundishwa. Miongoni mwao walikuwamo watoto wa miaka 12. Watoto 15 walikufa kwa maambukizi ya damu. Ndiyo maana tunawasumbua: surua-rubela na BCG zikishachanganywa, zikitimiza muda wa saa 6 au kliniki ikiisha, lolote litakalotangulia, mwageni. Msiionee huruma chupa iliyobaki nusu.

Likitokea kosa, kabla ya simu na kabla ya karatasi, mtazameni mtoto. Anapumua vipi? Amelegea? Midomo imevimba, ngozi imetoka mabaka, anakoroma? Mzio mkali ni nadra mno, kama mmoja katika dozi milioni, lakini ukija hauna subira. Adrenalini ya 1:1000 ichomwe kwenye nyama ya paja, mililita 0.01 kwa kila kilo ya uzito, dozi ya mtoto isizidi 0.3, mlazeni, miguu juu, na rudieni baada ya dakika 5 kama hajapata nafuu. Sinia la dharura liwe mezani. Nimekuta vituo ambavyo adrenalini imefungiwa kabatini na ufunguo ameondoka nao mwenye zamu ya jana. Hili naliona zito kuliko fomu zote.

Mtoto akiwa salama, wekeni kando chupa ile na yote yaliyotumika. Msitupe, msisafishe meza kwa aibu. Chupa irudi kwenye baridi ikiwa na alama yake, mbali na zinazotumika. Andikeni namba ya toleo, tarehe ya kuisha, saa, na nani mwingine amechomwa kutoka chupa hiyo. Hapo ndipo mpige simu kwa mratibu wa chanjo wa wilaya. Huyo ndiye atakayekuambia kama dozi irudiwe na lini. Usirudie kwa kujiamulia, maana kosa la pili juu ya la kwanza huwachanganya hata madaktari. Fomu ya tukio mnaijua, na kwa hapa Tanzania inafika mpaka kwa mamlaka ya dawa, TMDA. Ijazeni siku hiyo kumbukumbu ingali mbichi.

Halafu kaa na mama. Usimsimamie, kaa. Mwambie: "Mama, nimempa mtoto chanjo isiyo ya zamu yake. Nimeshampigia mkubwa wangu. Dalili za kuangalia ni hizi, na namba yangu ni hii." Pengine atakasirika. Mwache akasirike, ni mwanawe. Lakini akilijua kwako leo atarudi. Akilisikia kisimani kwa jirani, hatarudi yeye, wala dada yake, wala mke wa shemeji yake.

Na ninyi wakubwa wa vituo, msidhani nimewasahau. Muuguzi anaficha kwa sababu anawajua. Nimemwona msimamizi akimfokea binti mbele ya akina mama wote kwa kosa alilolileta mwenyewe, kwa hiari yake, akitetemeka. Kituo kile hakikuleta taarifa nyingine ya kosa kwa muda mrefu sana, na wilayani wakakipongeza. Nilisikitika. Mtu akija na kosa mkononi, swali la kwanza ni "mtoto yuko wapi?", la pili ni "na wewe je?" Mpumzisheni zamu iliyobaki, asiachwe peke yake na kisanduku cha sindano. Usiku huo hatalala, mpigieni. Kisha kaeni pamoja mtafute kilichomfikisha pale: chupa mbili zenye kifuniko cha rangi moja kwenye trei moja, taa hafifu, zamu mbili mfululizo. Kiondoeni hicho.

Nimechoka, wanangu, sitasema mengi zaidi. Kesho kabla hamjafungua kliniki, fungueni friji ya chanjo. Kila kisicho chanjo wala maji yake kitoke: insulini ya mzee, dawa ya usingizi, chupa ya soda. Maji ya kila chanjo yakae na chanjo yake, ya kiwanda kile kile. Tafuteni ulipo ufunguo wa adrenalini. Halafu andikeni namba ya mratibu kwa herufi kubwa na mwibandike ukutani, pale ambapo aliyekaa kwenye kiti cha kuchanjia anaweza kuisoma bila kunyanyuka.