Mnyama Huyu ni wa Nani?

Kitindamimba wetu ana miaka minane na anataka paka. Ameomba kwa adabu, ameomba kwa kununa, na juzi ameomba kwa maandishi. Karatasi imebandikwa kwenye mlango wa friji, ina ahadi saba na sahihi yake chini. Atamlisha kila siku. Atasafisha choo chake. Hatamvuta mkia. Mama yake amekwisha kulainika, na sasa nyumba nzima inangoja neno langu.

Wengi wenu mnaolea watoto huku Uingereza mmekwisha kulifikia swali hili, au mtalifikia. Watoto wetu wanasoma na wenzao wenye mbwa, paka, samaki na sungura, nao wanarudi nyumbani kuuliza kwa nini sisi hatuna. Kwa kawaida tuna majibu ya haraka. Mbwa hapana, wanasema wengi wetu tulio Waislamu, na mjadala unaishia hapo. Paka tutaona. Safari hii sikutaka kujibu haraka, kwa sababu niliwahi kujibu haraka, na aliyelipa hakuwa mimi.

Miaka tisa iliyopita, kabla ya kitindamimba kuzaliwa, tulinunua sungura. Kaka yake alikuwa na miaka tisa na dada yake sita. Sababu zangu zilikuwa nzuri kuzisikia. Mtoto wa huku hana kuku wa kuwafungulia asubuhi wala mbuzi wa kumkatia majani, kila kitu kinamfikia kimefungwa karatasi za dukani. Nikasema wapate kiumbe kinachowategemea, wajifunze kuwajibika. Samaki mkunje angali mbichi. Dukani tulipewa sungura, kizimba cha mbao, chupa ya maji na mfuko wa chakula, na hatukuulizwa swali hata moja.

Nilimpigia simu mama yangu Mombasa kumpa habari. Akacheka, akauliza, "Mtamchinja lini?" Nikamwambia huyu si wa kuchinjwa, ni wa watoto kumpenda. Akanyamaza kidogo, kisha akasema, "Haya."

Wiki tatu za kwanza watoto waligombania zamu ya kumlisha. Walikuwa wakizijua hadithi za Sungura anayewashinda Fisi na Simba kwa maneno, basi wakamwita Mjanja. Wiki ya sita ikabidi niwakumbushe. Kufikia Novemba, giza linapoingia saa kumi jioni na mvua haikatiki, hakuna aliyetaka kwenda nyuma ya nyumba. Siku nyingine alilishwa mara mbili, siku nyingine hakulishwa, na kila mmoja wetu aliamini kwamba mwenzake amekwisha kwenda.

Asubuhi moja ya Januari nilirudi kutoka zamu ya usiku. Kulikuwa na sakitu juu ya nyasi. Sijui kilichonifanya nisimame mbele ya kizimba siku ile. Maji ya kwenye chupa yalikuwa barafu tupu, na nyasi za kulalia zilikuwa zimelowa. Mjanja amejikunyata pembeni, ananitazama. Nikaleta maji ya uvuguvugu kwenye bakuli. Alikunywa kwa muda mrefu kuliko nilivyodhani mnyama mdogo kama yule anaweza kunywa. Sungura wa hadithi angetafuta maneno ya kumtoa mle ndani. Huyu wetu hakuwa na la kufanya ila kungoja.

Nikapanda juu, nikamwamsha mwanangu, nikamfokea. Nilimwambia hana huruma. Alilia, akasema alidhani ni zamu ya dada yake. Kisha akasema neno ambalo sikulitegemea: "Lakini baba, wewe unapita pale kila asubuhi." Ni kweli. Njia yangu ya kutoka kwenye gari hadi mlango wa jikoni inapita mbele ya kizimba. Mara ngapi nilipita bila kutazama, kwa kuwa nilikwisha kuamua kwamba mnyama yule ni wa watoto?

Nilipomsimulia mama, hakunilaumu. Alisema tu, "Sisi mbuzi tulimchinja, mwanangu, lakini hakulala na kiu."

Nimeishi na neno hilo miaka mingi. Mbuzi wetu hakupewa jina, hakupigwa picha, hakuna aliyesema anampenda. Lakini kila jioni kabla ya Magharibi mtu mzima alihakikisha ana maji. Sungura wetu alikuwa na jina na mapenzi tele, akakosa mtu wa kumtazama. Basi swali si kama tunampenda mnyama. Swali ni huyu mnyama ni wa nani, yaani nani atakayeulizwa habari zake.

Wazo la kumpa mtoto mnyama ili ajifunze si la jana. John Locke, mwanafalsafa wa Kiingereza, aliandika mwaka 1693 kitabu kuhusu malezi, na ndani yake anamsifu mama mmoja aliyemfahamu. Mama huyo aliwaruhusu binti zake kufuga mbwa, ndege, hata kuchakuro, kwa sharti kwamba wawatunze vizuri. Aliyezembea alikaripiwa, na mara nyingi alinyang'anywa mnyama wake. Locke aliona kwamba mtoto anayezoea kuwatesa wanyama wadogo atakuja kuwa mgumu wa moyo kwa binadamu wenzake. Karne iliyofuata, Immanuel Kant aliwafundisha wanafunzi wake jambo linalokaribiana na hilo: wajibu wetu kwa wanyama kwa hakika ni wajibu kwa binadamu, kwani mkatili kwa mnyama huwa mkatili kwa watu.

Siwabezi wazee hawa. Walichosema kuhusu moyo wa mtoto ni kweli, na kila mzazi amekiona. Lakini tazameni mahali walipomweka mnyama. Amekuwa kama ubao wa kujifunzia kuandika. Mtoto akikosea, ubao unafutwa, somo linaanza upya. Nami ndivyo nilivyofikiri siku ile ya Januari. Nilikuwa nikimwambia mwanangu kwamba amefeli mtihani, na aliyekuwa na kiu alikuwa sungura.

Kuna mafundisho mengine tuliyokulia nayo ambayo yanaanzia upande wa pili. Katika hadithi ya Mtume waliyoipokea Bukhari na Muslim, mwanamke mmoja aliadhibiwa kwa sababu ya paka. Alimfungia mpaka akafa, hakumlisha wala kumnywesha, wala hakumwachia akajitafutia vijidudu vya ardhini. Hatuambiwi moyo wa mwanamke yule ulikuwa mgumu kiasi gani. Tunaambiwa paka alipatwa na nini. Wajibu ulikuwa kwa paka mwenyewe.

Tafadhali mtazame pia ile sehemu ya mwisho, ya kumwachia. Mwanamke yule alikuwa na njia mbili za kutoka: amlishe, au amfungulie mlango. Kwetu pwani, mlango ulikuwa wazi siku zote. Paka wa Mji wa Kale hakuwa na mwenyewe. Asubuhi utamkuta soko la samaki, mchana amelala barazani kwa fulani, jioni yuko uani kwako anangoja vichwa vya samaki. Usipompa wewe atapewa na jirani. Sisemi maisha yake yalikuwa mazuri. Wengi walikuwa na macho mabovu, na watoto tuliwarushia mawe. Lakini hakuna nyumba moja iliyoshika uhai wake wote mkononi.

Huku mambo yamegeuka. Mjanja hakuweza kwenda kwa jirani. Paka wa ghorofani hawezi kushuka ngazi akatafute riziki. Tunapomleta ndani na kufunga mlango, ile njia ya pili tumeifunga sisi wenyewe, ikabaki moja: kumpa kila anachohitaji, kila siku, hata siku tusiyojisikia. Tumetoka katika mazoea ya paka wa mtaa tukaingia katika hali ya yule mwanamke, na wengi wetu hatujui kwamba tumeingia.

Ndugu zetu Wakristo wanayo simulizi ya nabii Nathani mbele ya mfalme Daudi, kuhusu maskini aliyekuwa na mwana-kondoo mmoja tu. Alimlea, akakua nyumbani pamoja na watoto wake. Chakula chake kilitoka katika tonge la baba, na maji katika kikombe cha baba. Watoto walicheza naye, bila shaka, lakini aliyejinyima alikuwa mtu mzima.

Sheria ya nchi hii nayo imesema vivyo hivyo kwa lugha yake kavu. Sheria ya Ustawi wa Wanyama ya mwaka 2006, inayotumika England na Wales, inakataza kumuuzia mnyama mtoto aliye chini ya miaka 16. Na mtoto wa umri huo akiwa na mnyama, anayehesabiwa kuwa mwenye dhamana ni mtu mzima anayemlea. Mwenye dhamana anatakiwa ampatie makazi yanayomfaa, chakula kinachomfaa, nafasi ya kuishi kwa tabia ya asili yake, mwenzake au upweke kulingana na maumbile yake, na kinga dhidi ya maumivu na maradhi. Nilipoisoma orodha hiyo niliona haya, maana sungura ni mnyama wa kuishi na wenzake, nasi tulikuwa tumemweka peke yake.

Kuna atakayeniuliza: je, mtoto asipewe jukumu lolote? Apewe. Mtoto wa miaka sita anaweza kujaza bakuli, wa miaka tisa anaweza kusafisha kizimba. Lakini jukumu la mtoto liwe juu ya jukumu la mzazi, kama dari juu ya ukuta. Mtoto akisahau, mnyama asijue kwamba kuna aliyesahau. Mtoto na akaripiwe baadaye, mnyama akiwa ameshiba. Baada ya Januari ile mimi nilitoka kila usiku na tochi. Sikuhubiri. Baada ya muda mwanangu akaanza kutoka nami, akishika mfuko wa nyasi kavu. Somo nililotaka kumfundisha kwa kumwachia, alilipata kwa kunifuata.

Tulimtafutia Mjanja mwenzake, jike, tukamlipa daktari wa wanyama awahasi na kuwachanja wote wawili. Fedha zile zilizidi kwa mbali bei ya sungura mwenyewe. Mjanja alifariki mwaka jana kwa uzee, akiwa na miaka minane. Aliyemzika ni mwanangu, ambaye sasa ni kijana wa chuo, alirudi kwa treni kwa ajili hiyo.

Sasa turudi kwenye karatasi ya friji. Paka wa nyumbani huishi miaka 12 hadi 15, na wengine hufika 20. Kitindamimba ana minane, na paka akizeeka yeye atakuwa mtu mzima mwenye nyumba yake. Atakayebaki na paka ni mimi na mama yake. Kila mwaka wa pili tunakwenda Mombasa wiki sita. Nani atakaa naye? Mwenye nyumba yetu ameruhusu? Ada ya daktari ipo, mwezi ambao pia kuna fedha za kutuma nyumbani? Na katika England, tangu Juni 2024, paka lazima atiwe chipu kabla ya kufikisha wiki 20, na jina na anwani ya mtu viandikishwe katika hifadhidata. Jina litakaloandikwa pale ni la nani?

Nimejibu maswali hayo moja moja. Jirani yetu mzee, anayeishi peke yake na aliyefuga paka maisha yake yote, amekubali kumtunza tukisafiri. Mwenye nyumba ameandika barua ya ruhusa. Fedha tumezitenga. Kisha nikaichukua ile karatasi. Ahadi saba za kitindamimba sikuzifuta, ni ahadi nzuri na nitamdai. Nimeandika ya nane juu yake, kwa mkono wangu: "Paka huyu ni wa baba." Chini yake nimetia sahihi.

Amesoma, amekunja uso. Akauliza kama bado ataruhusiwa kumpa jina.

Nimemwambia ndiyo. Jumamosi tunakwenda kumchukua.