Kabla ya Ulaya, Lubumbashi

Machi 1, 2020, Wembley, fainali ya Kombe la Ligi. Aston Villa wameshachapwa mawili na Manchester City. Muda mfupi kabla ya mapumziko inamwagwa krosi, Mbwana Samatta anajirusha mzimamzima, kichwa, mpira wavuni. Kijana wa Mbagala, Dar es Salaam! Villa walilala 2-1, na bao lile likawa la mwisho kwake katika jezi hiyo. Mwaka huohuo akaenda Fenerbahçe.

Wengi wetu humpima Samatta kwa miezi ile michache ya Uingereza, na kwa kweli tunamwonea. Kabla ya hapo alikaa karibu miaka mitano Lubumbashi, Kongo, na TP Mazembe, akatwaa ubingwa wa Afrika mwaka 2015, akatangazwa mchezaji bora wa wanaocheza ndani ya bara. Ndipo Genk wakamchukua. Huko Ubelgiji alianza upya, baridi, lugha ngeni, namba ya kugombania kila wiki, na mwaka 2019 akawa bingwa wa nchi na mshindi wa Kiatu cha Ebony, tuzo ya mchezaji bora mwenye asili ya Afrika katika ligi ya huko. Novemba mwaka huo akawafunga Liverpool kwa kichwa, Anfield. Hata baada ya miaka thelathini kutimia, akabeba ubingwa wa Ugiriki na PAOK, 2024.

Kijana unayefunga viatu sasa hivi uende mazoezini, Mazembe wakikuita, nenda.