Majeraha ya timu ya chuo: idadi, mtu na kudra

Timu ya soka ya chuo inapopoteza wachezaji msimu baada ya msimu, watu huuliza maswali mawili kwa pumzi moja: mbona wanaumia wengi hivi, na mbona ameumia huyu? La kwanza ni swali la idadi, na majibu yake yanapatikana uwanjani. La pili ni la mtu na saa yake, na dini zote zimelihangaikia. Mambo huharibika jibu la moja linapopachikwa kwenye lingine.

Chukua mfano wa timu ya chuo iliyoko Ruiri, katika kaunti ya Meru, kwenye mteremko mkavu unaotazama Isiolo. Mvua hunyesha Machi hadi Mei na Oktoba hadi Desemba. Kati ya Juni na Septemba, uwanja usiomwagiliwa maji hukauka ukawa kama saruji, na kila hatua ya mbio hurudi gotini. Kalenda ya masomo nayo haisaidii: wanafunzi hurudi kutoka likizo miili ikiwa imelala, kisha mechi zinarundikwa ndani ya wiki chache kabla ya mitihani. Sala ya kabla ya mechi, wachezaji wakiwa wameshikana mabega, mara nyingi huchukua muda mrefu kuliko kupasha misuli moto, ambako ni kuzunguka uwanja mara mbili na kunyoosha miguu kidogo. Aliyeteguka kifundo cha mguu wiki iliyopita hufungwa bandeji na kupangwa tena, kwa kuwa winga ni yeye tu. Dakika ya 80 anaufukuzia mpira mrefu, ghafla anashika nyuma ya paja na kukaa chini. Hapo hakuna fumbo. Jeraha la awali ni miongoni mwa viashiria vikubwa vya jeraha lijalo, na msuli uliochoka huchanika upesi.

Wingi nao una kipimo chake. Utafiti wa klabu kubwa za Ulaya ulioongozwa na Jan Ekstrand kuanzia 2001 ulionyesha kwamba mchezaji huumia wastani wa mara 2 kwa msimu, hivyo kikosi cha watu 25 hutarajia majeraha yapatayo 50. Hizo ni klabu zenye madaktari na nyasi za kutunzwa. Hata hivyo, sehemu kubwa huzuilika. Mpango wa mazoezi wa FIFA 11+, unaochukua takriban dakika 20 na usiohitaji kifaa zaidi ya mpira, ulipojaribiwa ulipunguza majeraha kwa asilimia 41 miongoni mwa vijana wa Lagos, na kwa asilimia 46 katika timu za wanaume za vyuo vya Marekani. Yalipungua, hayakwisha. Masalio hayo ndiyo uwanja halali wa swali la pili.

Mwanaanthropolojia E. E. Evans-Pritchard, katika kitabu chake cha 1937 kuhusu jamii ya Waazande, alieleza habari ya ghala linaloporomoka na kuwaumiza waliokaa chini yake kivulini. Waazande walijua vizuri kwamba mchwa ndio waliokula nguzo. Walichouliza ni kwa nini ghala lilianguka saa ileile watu wale walipokuwa wamekaa pale, na jibu lao lilikuwa uchawi. Mwanatheolojia John Mbiti, mzaliwa wa Kitui, aliandika mwaka 1969 kwamba katika fikra za jadi za Kiafrika msiba haukosi mwenye kuuleta. Kwa hiyo anayesema winga amerogwa si lazima awe anakana habari ya msuli. Ametaka jambo ambalo daktari hana.

Kosa la jibu hilo ni kwamba linahitaji jina. Ndumba za soka zimesumbua hata mashirikisho: lile la Rwanda lilitangaza adhabu dhidi yake Desemba 2016, baada ya vurugu katika mechi ya ligi. Ndani ya timu ya chuo anayenyoshewa kidole ni wa karibu, tena mara nyingi ni mchezaji wa akiba aliyepata namba baada ya mwenzake kuumia. Kijana huyo hana namna ya kujitetea, maana ushahidi dhidi yake ni kwamba amefaidika.

Kauli kwamba ni mapenzi ya Mungu inaonekana pole zaidi, lakini hutumika vibaya kwa njia ileile. Humfaa sana aliyekataa kununua sanduku la huduma ya kwanza. Maandiko yenyewe hayamkingi. Rafiki za Ayubu, waliosisitiza kwamba mateso yake yalitokana na dhambi, wanakemewa mwishoni mwa kitabu. Katika Injili ya Luka, Yesu anataja watu 18 walioangukiwa na mnara wa Siloamu na kukataa kwamba walikuwa wakosefu kuliko wengine wa Yerusalemu. Wala hatoi sababu mbadala. Katika Uislamu, hadithi iliyopokewa na Tirmidhi inamwelekeza mwenye ngamia amfunge kwanza, ndipo amtegemee Mwenyezi Mungu. Kudra haimwondolei mtu kamba mkononi.

Mpaka kati ya maswali hayo mawili unaweza kuchorwa kwa daftari la kawaida lenye tarehe, dakika, kiungo kilichoumia, hali ya uwanja na siku ambazo mchezaji alipumzika. Majeraha yakijazana katika wiki za kwanza za muhula, wa kuulizwa ni ratiba na pumzi ya timu. Yakirudi kwenye mguu uleule, aulizwe aliyemrudisha mchezaji mapema. Yakiwa mengi zaidi kiangazi, uwanja una kesi. Baada ya misimu miwili au mitatu hubaki machache yasiyofuata mpangilio wowote, na kwa hayo hakuna wa kuitwa ofisini wala wa kupelekwa kwa mganga.