Mbuyu Katika Kamusi

Kamusi ya lugha mbili ni mkalimani aliyeketi kati ya watu wasioelewana. Mkalimani mwaminifu hufikisha alichoambiwa. Asiye mwaminifu hufikisha kile anachodhani kitamwelea msikilizaji upesi. Basi na tuulize: mtunzi wa kamusi anapoikuta methali, ana haki gani ya kuibadilisha kwa ajili ya mgeni?

Tuchukue methali isemayo, “Mbuyu ulianza kama mchicha.” Waingereza nao husema kwamba mialoni mikubwa hutokana na vitunda vidogo. Mtunzi mwenye haraka ataandika methali hiyo ya Kiingereza kuwa ndiyo tafsiri, kisha ataendelea na neno jingine. Funzo limefika, lakini mbuyu haukufika. Kijana aliyekulia Dodoma anaujua mti huo: hula ubuyu wake, na majani yake yaliyokaushwa na kutwangwa ni mboga nyumbani kwao. Tena majani ya mche wa mbuyu hayajagawanyika kama vidole, hata mpita njia aweza kuudhani ni mboga tu ya porini. Kwa kijana huyo, methali hii ni jambo lililoonekana kwa macho. Mwaloni hautamweleza mgeni hata moja katika hayo.

Wako watakaosema kwamba kamusi si kitabu cha mila, na kwamba kurasa zake ni chache. Hoja hiyo ina uzito. Hata hivyo Ludwig Krapf, ambaye kamusi yake ya Kiswahili na Kiingereza ilichapwa London mwaka 1882, baada ya kufa kwake, hakutosheka na kulinganisha neno kwa neno. Alitia humo methali na maelezo ya desturi za pwani. Wala hatudai kurasa nyingi. Sentensi mbili zatosha: moja itoe maana ya maneno yenyewe, ya pili ieleze methali hutumiwa wakati gani. Methali ya kigeni na ifuate baadaye, kama jamaa, si kama mrithi.

Lakini tusiwalaumu wageni peke yao. Mradi wa Lugha za Tanzania, ulioanzishwa katika Chuo Kikuu cha Dar es Salaam mwaka 2001, ulichapa kamusi za lugha za makabila yetu, Kigogo kikiwamo, zenye maana kwa Kiswahili na Kiingereza. Katika kazi ya namna hiyo Kiswahili ndicho lugha yenye nguvu. Tukiikuta methali ya Kigogo iliyozaliwa katika mtama, ng’ombe na ukame, tukaandika badala yake, “Maji ya kifuu ni bahari ya chungu,” tutakuwa tumemtendea Mgogo yale yale tuliyoyakataa kwa Mwingereza. Nchi kavu ya kati itakuwa imefunikwa na bahari na minazi.

Kazi ya kuzuia hasara hiyo yaweza kuanzia darasani. Mwanafunzi aendapo likizo, na amwombe babu au bibi methali moja, lakini asiandike maneno matupu. Aandike pia ilisemwa na nani, kwa nani, na kwa sababu gani. Mtunzi wa kamusi ya kesho atakapoupata ukurasa huo, hatakuwa na udhuru wa kuandika mwaloni mahali pa mbuyu.