Mkono wa Tatu

Jumamosi zangu za utotoni zilikuwa na sauti moja: krrr, krrr, krrr, ya gia za ile mashine ya mkono ya kupigia mayai. Mamangu alikuwa anaoka keki za kuuza, hapo Nakuru, kwa sufuria juu ya jiko la makaa, na makaa mengine juu ya kifuniko. Bethidei, ubatizo, mahari kwa jirani, oda hazikukosekana. Yeye alizungusha. Mimi nilishika bakuli.

Hiyo ndiyo kazi niliyofanya kutoka darasa la pili hadi la nane. Si kuoka. Kushika bakuli. Mgeni akionja kipande na kuuliza nani amepika keki tamu hivi, jibu lilikuwa rahisi na mimi sikuwa ndani yake. Wala sikulalamika. Utaanzaje kulalamika kwamba ulishika bakuli?

Mwaka huu nimeifikiria hiyo mashine kuliko miaka yote niliyoishi nayo, na sababu yake si nzuri sana kwangu. Nitaifikia. Kwanza tuiangalie yenyewe, maana ni kitu kizuri.

Kama hujawahi kuiona: kuna mpini juu, unaoushika kwa mkono mmoja. Chini ya mpini kuna gurudumu kubwa lililosimama wima, lenye meno na kishikio cha kuzungusha kwa mkono wa pili. Hayo meno yanauma gia mbili ndogo, moja kila upande, na kila gia imebeba panga lake. Kwa sababu gia zinaguswa na pande mbili tofauti za gurudumu moja, moja inazunguka kwenda kulia na nyingine kushoto. Mapanga yanapishana katikati bila kugongana, kama matatu mbili za madereva wanaojuana. Yetu niliihesabu: ukizungusha kishikio mara moja, mapanga yanazunguka mara tano. Ni hesabu ileile ya baiskeli. Mguu unasukuma polepole, gurudumu linakimbia.

Na hakuna kilichofichwa. Hakuna kifuniko cha plastiki, hakuna skrubu ya ajabu ambayo fundi hana bisibisi yake. Mtoto wa miaka saba akikodoa macho dakika mbili anaelewa kila kitu kinachotokea. Najua kwa sababu nilikuwa huyo mtoto, na sikuwa na kingine cha kuangalia.

Sasa hesabu mikono. Mmoja kwa mpini. Wa pili kwa kishikio. Bakuli je?

Bakuli haitulii. Ukizungusha, mkono wako unasukuma mbele, chini, nyuma, juu, na kila msukumo unashuka mpaka kwenye bakuli. Meza ikiwa laini, bakuli inaanza safari. Kwa hivyo mashine hii, iliyo wazi kiasi kwamba unaona kila jino la gia, imeficha kitu kimoja tu: inataka mikono mitatu, na binadamu ana miwili. Wa tatu utatoka wapi? Mashine haisemi. Inaachia nyumba ijipange.

Wabunifu wenyewe walikuwa wanajua. Mwaka wa 1870, Turner Williams wa Providence, Marekani, alipewa hataza, yaani haki ya kisheria ya uvumbuzi, kwa mashine yenye mapanga mawili yanayozunguka kinyume. Kampuni ya Dover Stamping ikaichukua na kuiuza sana hadi vitabu vya mapishi vya huko vikawa vinaandika tu "Dover", vile sisi tunasema Colgate hata dawa ya meno ikiwa ya kampuni nyingine. Baada ya hapo kila mtu alijaribu kuiboresha. Kuna zilizofungwa juu ya chupa ya kioo ili chombo na mashine viwe kitu kimoja. Kuna za kusukuma kwenda chini kwa mkono mmoja ili mkono wa pili ubaki huru. Mwaka wa 1884 Willis Johnson, Mmarekani mweusi wa Cincinnati, alipata hataza ya mashine kubwa zaidi, ya fremu yake, iliyokusudiwa waokaji na watengeneza peremende. Leo intaneti inampa Johnson sifa ya kuvumbua mashine ya mkono ya kupigia mayai, ambayo sivyo, na inasahau kile alichofanya kweli, ambacho kilikuwa kigumu zaidi. Lakini hiyo ni stori ya siku nyingine.

Ninachotaka uone ni hiki: ukitazama hizo juhudi zote, nyingi ni majibu ya swali moja, nani atashika bakuli. Bado iliyoenea jikoni ni ile rahisi, isiyojibu. Pengine kwa sababu jibu lilikuwa tayari limesimama hapo jikoni, bure.

Aristotle alilisema jambo hili bila aibu zaidi ya miaka 2,300 iliyopita. Katika kitabu chake kuhusu siasa anasema vifaa ni vya aina mbili, visivyo na uhai na vyenye uhai. Mfano wake ni wa meli: kwa nahodha, usukani ni kifaa kisicho na uhai, na yule mtu anayesimama mbele akiangalia njia ni kifaa chenye uhai. Halafu anaongeza kwamba kama vifaa vya kufuma vingefuma vyenyewe, mabwana hawangehitaji watumwa. Watu wa teknolojia wanampenda sana hapo. Ona, mzee alitabiri mashine! Mimi hunisimamisha yule mtu wa mbele ya meli. Hakuitwa mtumwa katika sentensi ile. Ni msaidizi tu. Lakini msaidizi akishakuwa kifaa, huulizi kama amechoka. Unauliza kama yupo.

Wengi watasema dawa ni mota. Weka stima, mkono wa tatu uende kucheza. Ruth Schwartz Cowan, mwanahistoria Mmarekani, aliandika kitabu kuhusu vifaa vya nyumbani mwaka wa 1983, na hiyo mashine ya mayai imo. Hoja yake inauma. Kupiga mayai kulipokuwa rahisi, kazi ya mwanamke haikupungua, keki ndizo zilibadilika. Zikapanda chati zile keki nyepesi zinazoumuka kwa hewa ya mayai peke yake, ambapo kiini na ute vinapigwa mbalimbali. Ute hauvumilii mafuta, tone la kiini likiingia povu linagoma, kwa hivyo ni bakuli mbili, kuosha mara mbili, kupiga mara mbili. Mashine ilirahisisha kazi moja na ikazaa mbili.

Nilisoma hayo nikiwa nimekaa kwa keja yangu Roysambu, na nikafunga laptopu.

Sababu ni hii. Mimi pia naoka. Nilianza na keki mbili kwa wikendi, picha kwa simu, boda anapeleka. Nikanunua mashine ya stima ya kushika kwa mkono. Mkono mmoja kwa mashine, mmoja kwa bakuli, sihitaji mtu. Oda zikafika saba. Na hapo ndipo binti wa mamangu mdogo, aliyekuwa amemaliza kidato cha nne na kungoja matokeo, akaja "kukaa na mimi kidogo". Ulishawahi kusikia hiyo "kidogo"? Ilikuwa miezi kumi na moja. Alipima unga. Alipaka sufuria mafuta. Aliosha. Alishuka ngorofa nne kumpa boda keki na kupanda tena. Nilimlisha, nilimnunulia viatu, tulicheka sana usiku. Na chini ya kila picha niliandika: "Nimeoka mwenyewe, kwa mikono yangu miwili."

Mikono miwili. Niliandika hivyo, kabisa, mimi niliyekuwa wa tatu kwa miaka saba.

Jumamosi moja stima ikapotea saa nne asubuhi, keki tatu zikidaiwa mchana. Nikatoa ile mashine ya Mama, ambayo nilikuwa nimeibeba kutoka Nakuru kama pambo la rafu. Nikamwambia binamu yangu, "Njoo ushike bakuli." Akaniangalia. Akachukua kitambaa, akakilowesha, akakikamua, akakikunja mara mbili na kukitandika mezani. Akaweka bakuli juu yake. Nikazungusha. Bakuli haikusonga hata nukta.

"Kwani hamkuwa mnajua?" akauliza.

Kitambaa kibichi. Miaka saba ya Jumamosi, na jibu lilikuwa limening'inia kwenye msumari kando ya sinki.

Nikampigia mamangu simu nikicheka, kumpa hiyo stori. Hakushangaa. "Hiyo ya kitambaa naijua toka nikiwa msichana," akasema. Nikamuuliza sasa mbona alinisimamisha pale miaka yote. Akanyamaza kidogo, halafu akasema, "Ungekuwa wapi?"

Nimelibeba hilo swali wiki nyingi na bado sijui nilishike upande gani. Kuna upande wa upendo: plotini kulikuwa na vijana wasioeleweka, yeye hakuwa na mtu wa kuniangalia, na bakuli ilikuwa kamba ya kunifunga karibu naye bila kunifunga. Tuliongea mengi juu ya ile bakuli. Kuna upande mwingine: kakangu alikuwa uwanjani akicheza mpira saa hizo hizo, na hakuna aliyemuuliza angekuwa wapi. Pande zote mbili ni kweli. Watu wanaoniambia nichague mmoja, naona kama hawajawahi kuwa na mama.

Lakini jambo moja kitambaa kilinivunjia. Nilikuwa nimejenga falsafa nzima kwamba mashine ndiyo ilinihitaji, kwamba ubunifu wa gia na mpini ndio uliniweka pale. Haukuwa. Kifaa kiliacha nafasi wazi, sawa, na hiyo ni lawama yake. Aliyeamua nafasi ijazwe na nani ni mtu. Na katika nyumba yangu mimi ndiye niliamua, hata bila nafasi kuwepo. Mashine yangu ya stima haikuwa na haja ya mtu wa tatu. Mimi ndiye nilikuwa nayo, kwa sababu nilitaka oda saba.

Basi nikafanya kile ambacho watu wa rika langu hufanya wakishikwa na dhamira: nikabadilisha maneno chini ya picha. Nikaandika jina lake kando ya langu. Nikamwonyesha simu, nikingoja afurahi.

"Ni poa," akasema. "Lakini jina sitakula."

Hapo ndipo mazungumzo ya kweli yalianza, na hayakuwa matamu. Mama aliposikia nataka kumlipa, alikasirika. Mtoto wa nyumbani hulipwa? Ukimlipa leo, kesho akiugua utamwambia achukue siku za likizo? Sikumdharau kwa hilo. Anajua kitu ninachokijua pia, kwamba pesa ikiingia kati ya ndugu inaweza kuwa mlango au inaweza kuwa ukuta. Mamangu hakulipwa na mtu yeyote kwa Jumamosi zake, na alinipeleka shule kwa hizo keki. Kwake, mikono yote ya nyumba ni mikono ya nyumba. Shida ni kwamba nyumba yenye hiyo sheria huwa na mtu mmoja anayeitwa mwokaji, na wengine wanaitwa "njoo".

Mimi naona kusaidiana kunajulikana kwa kitu kimoja: je, tunabadilishana? Leo mimi kishikio, wewe bakuli, kesho kinyume. Kama miaka inapita na hakuna siku aliyeshika bakuli amezungusha, hiyo si kusaidiana tena, hata mpendane namna gani. Mimi katika miaka saba nilizungusha labda mara nne, na kila mara nilisikia, "Lete, utamwaga."

Tulikubaliana hivi. Nimeongeza shilingi 150 kwa kila keki na hiyo ni yake, pamoja na kiasi cha wikendi tulichokiandika kwa daftari. Mteja mmoja alikataa bei na kuondoka, akaenda na lawama zake. Na kila Jumamosi keki moja ni ya binamu yangu kutoka mwanzo hadi mwisho, oda yake, faida yake, na mimi ndiye naosha. Keki yake ya kwanza ilishuka katikati kama shimo la barabara ya mtaani kwetu. Alilia kidogo, akajaza shimo na krimu, mteja akasema ni tamu. Siku hizi anapenda kutumia ile ya mkono, hata stima ikiwepo. Anasema anasikia ute ukianza kuwa mzito kwenye kishikio kabla haujaonekana kwa macho, na ni kweli.

Jumamosi ya kwanza ya kuosha niliitumbukiza yote kwenye maji ya sabuni nikaiacha usiku kucha. Asubuhi gia zilikuwa na kutu, gurudumu limekaza. Nikampigia Mama tena. Akanigombeza: gia hazilowekwi, mapanga tu ndiyo unaosha, juu unapangusa kwa kitambaa kikavu, halafu tone la mafuta ya kupikia. Nikamwambia sikuwahi kumwona akifanya hivyo.

"Ungenionaje?" akasema. "Mlikuwa mmeshalala."