Cheche Isiporuka: Mashindano ya Magari na Swali la Sababu

Injini ya petroli huenda kwa cheche. Injini ya silinda 4 inayozunguka mara 6,000 kwa dakika inahitaji cheche 200 kila sekunde, na kila moja lazima iruke kwa wakati wake. Betri hutoa volti 12, koili huzipandisha hadi maelfu kwa maelfu, kisha, katika magari ya zamani, distribyuta huzigawa kwa plagi, moja baada ya nyingine. Cheche chache zikikosekana, gari linamisi na kuishiwa nguvu mlimani. Zikikosekana zote, linazima. Fundi anaweza kueleza lilizima vipi. Kwa nini lizime gari hili, saa hii, na si lile lililo nyuma yake, ni swali ambalo wanafalsafa na watu wa dini wamelishughulikia kwa karne nyingi kabla ya kuwapo injini.

Mbulu, kaskazini mwa Tanzania, inalifahamu jambo hili kwa vitendo. Mashindano ya magari ya Safari yalianza mwaka 1953, kusherehekea kutawazwa kwa Malkia Elizabeth wa Pili, yakipita Kenya, Uganda na Tanganyika. Barabara za Mbulu, zinazopanda kutoka Bonde la Ufa hadi kwenye nyanda za juu, zilikuwa miongoni mwa sehemu za njia hiyo. Baada ya miaka ya mwanzo mashindano yalifanyika wakati wa Pasaka, yaani katikati ya masika, na tope lilikuwa sehemu ya mtihani. Mwaka 1963 yalianza magari 84, yakamaliza 7. Mwaka 1968 yalianza 93, yakamaliza 7 tena. Miaka yote miwili mshindi alikuwa Nick Nowicki katika Peugeot 404. Si haki kuitupia cheche lawama yote: mengi yalikwama, mengine yalivunja springi au yalipinduka. Lakini penye maji mengi, umeme wa injini ndio huwa wa kwanza kusalimu amri.

Maji hufanya kazi yake kimyakimya. Gari linaingia kijitoni kwa kasi, feni inarusha maji juu ya injini, na unyevu unapenya chini ya kifuniko cha distribyuta. Umeme ambao ungefika kwenye plagi unapata njia fupi zaidi ya kutorokea. Ukikivua kifuniko utaona matone ndani yake, na pengine ufa mwembamba mweusi, kama mstari wa penseli, ambapo cheche imeunguza plastiki. Matone hufutwa kwa kitambaa kikavu na safari ikaendelea. Ufa ule haufutiki, maana sasa umekuwa njia, na umeme utaifuata kila mara. Kwa hiyo gari linaweza kuvuka mto salama na kuzima kilomita nyingi mbele, juani, pasipo na tone la maji. Fundi mzembe hapo huanza kuzungumza habari za mkosi.

Juu ya moto na sababu yake, ubishi mashuhuri zaidi katika Uislamu ni wa wanazuoni wawili, al-Ghazali, aliyefariki mwaka 1111, na Ibn Rushd, aliyefariki 1198. Al-Ghazali alichukua mfano wa pamba iliyogusana na moto. Jicho, alisema, linaona kuungua kukifuatana na kugusana. Halioni kwamba moto ndio unaounguza. Anayeunguza ni Mungu, naye akitaka pamba itabaki nzima. Ibn Rushd alijibu kwamba anayekana sababu amekana elimu yenyewe. Ukiweka cheche na petroli mahali pa moto na pamba, ubishi unabaki ulivyokuwa. Wala al-Ghazali hakumfungia fundi gereji: alikubali kwamba Mungu huendesha viumbe kwa desturi, na desturi hujifunzwa. Fundi anayekausha distribyuta anafanya kazi ileile kwa imani zote mbili. Tofauti inajitokeza baada ya kushindwa, pale mfuasi wa al-Ghazali anapoweza kusema imeandikwa, na wa Ibn Rushd analazimika kutafuta waya uliolegea. Kwa mashindano, wa pili ana faida. Kwa usingizi wa dereva, pengine wa kwanza.

Suala la stahili ni gumu zaidi kuliko la sababu. Mwaka 1976 wanafalsafa Bernard Williams na Thomas Nagel waliandika juu ya bahati inayoamua jinsi watu wanavyosifiwa na kulaumiwa. Mfano wake katika mbio za magari ya Formula 1 ni Bahrain, Machi 2010: Sebastian Vettel aliongoza hadi plagi moja ilipoharibika, akamaliza wa 4, na Fernando Alonso akashinda. Mwisho wa msimu Vettel alimzidi Alonso kwa pointi 4 akawa bingwa. Pointi hizo zingeegemea upande wa pili, plagi ile ingekuwa ndiyo habari ya msimu mzima, ingawa uendeshaji wa Vettel siku ile ungebaki uleule.

Imani ya asili ya Wairaqw wa Mbulu inaongeza jambo ambalo Williams na Nagel hawakulikazia. Ndani yake kuna Looa, anayefungamana na jua, na Netlangw, roho zikaazo majini. Mwiko ukivunjwa, madhara hayamkuti mkosaji peke yake. Jamaa na ardhi yao huguswa, na wazee ndio wenye jukumu la kutakasa nchi. Anayepima lawama kwa mtu mmoja mmoja ataona hapo dhuluma. Hata hivyo timu ya mashindano huishi hivyohivyo: fundi akisahau kuziba kifuniko, anayesimama mvuani ni dereva.

Mwaka 1973 Shekhar Mehta, mzaliwa wa Uganda, na Harry Källström wa Sweden walimaliza Safari wakiwa na adhabu sawasawa, na Mehta akapewa ushindi kwa kanuni ya kuwatenganisha waliolingana. Dakika moja ya kufuta kifuniko ingetosha kuamua kati yao. Kanuni hazikuuliza dakika ilipotelea kwenye plagi, kwenye mto au kwa mapenzi ya Mungu: kuchelewa kuliandikwa kwa gari, na dereva na msoma ramani wake walikubeba pamoja.