Injeniere, Ingia Darasani

Ndugu injeniere wa Butembo, wa Beni, wa Oicha: kazi yako haiishii kwenye hesabu za nguzo. Wewe unayejua nondo ngapi ziingie kwenye boriti una deni kwa kijana anayechora nyumba asijue itasimamaje. Mlipe. Tenga hata saa mbili kwa juma, uende ukamfundishe.

Ardhi yetu haina mchezo. Tunakaa kando ya Bonde la Ufa, na nguvu zilizoinua Ruwenzori hadi mita 5,109 hazijalala. Tarehe 20 Machi 1966 zilitikisa pande zote mbili za mlima, Toro na Beni, wakafa watu zaidi ya 100. Februari 2008 ikawa zamu ya Bukavu. Na ardhi ikitikisika, muuaji ni ukuta wa matofali usiofungwa kwa mkanda wa zege.

Sisi nasi tunajenga mbiombio. Tangu 2014 mauaji ya vijijini yamesukuma familia nyingi mjini, nyumba zinapanda vilima, na ghorofa huongezwa juu ya msingi uliochimbwa kwa nyumba ya chini. Nani atamwambia mwenye nyumba hapana? Mara nyingi mchoraji ndiye anayeketi naye kwanza. Asipojua mzigo unapita wapi, wewe utaitwa nyufa zikishatokea.

Mtazame Fazlur Rahman Khan, mzaliwa wa Dhaka, 1929. Ndiye injeniere wa jengo la John Hancock la ghorofa 100 mjini Chicago, kisha Sears Tower ya mita 442, iliyofikia kimo chake kamili 1973 ikawa ndefu kuliko zote duniani kwa zaidi ya miaka 20. Mtu mwenye kazi kama hizo angeweza kusema hana nafasi. Lakini miaka hiyohiyo alikuwa akifundisha wanafunzi wa usanifu majengo katika chuo cha IIT, bega kwa bega na msanifu Myron Goldsmith. Na darasa lilimlipa: mnara uliofungwa kwa mihimili ya mshazari, unaoonekana leo kwenye kuta za Hancock, ulichunguzwa humo katika kazi ya mwanafunzi wao. Kufundisha hakukumpunguzia kitu, kulimwongezea!

Utaniambia hapa hakuna maabara. Ingiza darasani chukudu, chombo chetu cha mbao cha kubebea mizigo. Pakia magunia ya viazi, uwaulize vijana: uzito huu unashuka kwa njia gani mpaka kwenye gurudumu? Ubao utapinda wapi? Kwa nini seremala ameweka mti mgumu pale na si kwingine? Wachore mishale kwa chaki kwenye mbao zenyewe. Kisha wapeleke shantie, zege halijamwagwa, wapige magoti mahali nguzo inapokutana na boriti. Waone ringi zinavyosogeleana pale, wapime nafasi kwa mkono wao, wahakikishe ncha zake zimekunjwa kuingia ndani ya moyo wa nguzo ili tetemeko lisizifungue. Kijana aliyegusa ringi hizo hatazisahau akishika penseli.

Mji wa Butembo haujazoea kungoja Kinshasa. Askofu Emmanuel Kataliko, aliyeliongoza jimbo la Butembo-Beni tangu 1966, alihamasisha watu kutengeneza barabara kwa nguvu zao, na 1989 chuo kikuu cha Graben kikaanzishwa. Madarasa yapo, na vijana wamo. Kinachokosekana ni wewe uliyetoka kazini na vumbi la simenti kwenye viatu.

Basi Jumatatu mpigie mkuu wa idara, mwambie unaomba somo, hata liwe dogo. Na wewe mwanafunzi usikae kumsubiri injeniere: mfuate shantie asubuhi, omba kofia, shika kipimo, umuulize kwa nini ameweka nondo ya 12 pale na si ya 10. Akijibu, muulize tena.